Pumzi Ipimwe Kabla ya Kisu

Tunaulizwa: mtu mnene sana akitaka kupasuliwa tumbo la chakula ili apungue, kwa nini daktari aanze na mapafu?

Unene huo una kipimo. Gawa kilo kwa urefu wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu ule ule. Mama wa kilo 110 na mita 1.60 anapata karibu 43, na ugonjwa unahesabiwa kuanzia 30. Mafuta ya tumbo husukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, na ya kifua hulemea mbavu. Akiba ya hewa inakuwa ndogo. Akilala chali na kupewa dawa ya usingizi, akiba hiyo inakwisha upesi. Nasi wa Bukavu tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na wengi tumevuta moshi wa makala miaka mingi.

Kwanza, daktari huuliza. Unakoroma kwa nguvu? Unasinzia mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika usingizini? Una tansiyo? Shingo yako imepita sentimeta 40? Haya ni kati ya maswali manane yaliyopangwa Toronto, Kanada, mwaka 2008. Majibu matatu ya “ndiyo” yanatosha kumfanya daktari achunguze zaidi.

Pili, kifaa kidogo hubana kidole na kuonyesha oksijeni ya damu. Tatu, mwenye pumu, mvutaji wa tumbaku au anayehema ovyo hupuliza kwa nguvu ndani ya mrija, ili ionekane mapafu yanatoa hewa kiasi gani. Nne, damu hupimwa, na wengine hupimwa usiku wakiwa wamelala.

Tatizo likionekana, si kwamba mlango umefungwa. Mgonjwa anaweza kupewa mashine ya kumsukumia hewa usiku, kuacha tumbaku angalau wiki 4 kabla, na kulindwa kwa karibu baada ya upasuaji.

Wengi huficha kukoroma kwa haya. Lakini aliyelala hajisikii. Shahidi ni yule anayelala karibu naye. Baba, msindikize mama kwa daktari, useme ulichosikia usiku. Mama, fanya vivyo hivyo kwa baba. Kuomba na kupimwa havigombani.