Mafua makali na mafigo: wachimbaji, tuangalie mkojo

Huku Tshopo, tangu Bafwasende mpaka Banalia, mchimbaji akishikwa na mafua anameza vidonge na kurudi shimoni. "Ni gripe tu," ndivyo tunasema. Mara nyingi inapita kweli. Lakini safari zingine ugonjwa wa kifua unafika mpaka kwenye mafigo, na mgonjwa anachelewa juu hasikii maumivu yoyote mgongoni.

Mafigo yanachuja maji ya damu kiasi cha lita 180 kila siku. Kazi hiyo inaomba damu ya kutosha. Homa ikipanda, mtu anatoka jasho, hali, hanywi; damu inapunguka na mafigo yanaumia. Virusi vya gripe kali ao vya Covid-19 vinaweza pia kupunguza hewa katika damu, ao kuvunja misuli, na uchafu wake unaziba mafigo. Tangu Covid-19 ionekane Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, waganga wa nchi nyingi wameona mafigo ya wagonjwa mahututi yakisimama ghafula, hata ya watu waliokuwa wazima mbele.

Mchimbaji iko na mzigo zaidi. Mwili wake umekwisha kukauka na jasho la shimoni. Moshi wa zebaki, wakati wa kuchoma dhahabu, unaharibu mafigo pole pole. Akiongeza diclofenac ao ibuprofen juu ya homa, damu inayoingia katika mafigo inazidi kupunguka.

Basi tufanye nini? Mgonjwa apumzike, anywe maji safi kidogo kidogo mara nyingi. Kwa homa, paracetamol ni afazali, bila kupita kipimo. Apimwe malaria pia, juu nayo inaumiza mafigo. Mwishoni mwa 2024 kule Panzi, Kwango, magonjwa ya kifua yalichanganyika na malaria na utapiamlo, na watoto ndio waliokufa zaidi.

Mama wa nyumba, uliza mgonjwa: umekojoa mara ngapi leo? Mkojo ukiwa kidogo sana ao mweusi kama chai kali, uso ao miguu ikivimba, pumzi ikikatika, msingoje kesho. Mpelekeni lopitali, muombe kipimo cha kreatinini katika damu. Wenye tansio, sukari ao SS waende mapema zaidi, kwa sababu toka machimboni mpaka Kisangani njia ni ndefu, na mafigo yaliyoumia ghafula yanaweza kupona kama yanatunzwa upesi.