Mtoto analilia igwana? Mkalishe chini kwanza!

Huku kwetu ukimwita mtu kenge, mnapigana. Kule Marekani kuna mjusi mwingine mkubwa, igwana, na watoto wanamlilia wamfuge ndani! Nyie ndugu zetu mnaolea watoto huko, nawaambia: kabla hujatoa pesa, mfunze mtoto.

Mwambie hako kajusi ka kijani ka dukani katafika mita 1.5 na zaidi, mkia ukiwemo, na kakitunzwa vizuri kanaishi zaidi ya miaka 10. Chakula chake ni majani na mboga, siyo nyama. Anataka joto, na taa maalumu yenye miale kama ya jua, la sivyo mifupa inalegea. Asimvute mkia, unakatika. Akimshika, anawe kwa sabuni, maana igwana hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Wa chini ya miaka 5 asimguse kabisa.

Kubwa zaidi: akimchoka, asimtupe nje. Florida watu waliwaachia, wakazaana mpaka kero. Tangu 2021 jimbo hilo haliruhusu kununua mpya wa kufuga.

Mnyama si mdoli, bwana. Mtoto akisikia yote hayo akasita, mimi naona baiskeli inatosha!