Milango ya kalsiamu mwilini: kwa nini dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku

Katika mashamba ya mpunga ya Ndungu, wilayani Same, mkulima hufungua lango la mfereji, maji ya Mto Yongoma yakaingia jarubani, kisha hulifunga kabla miche haijazama. Mwili wa binadamu nao una milango inayohitaji kufungwa kwa wakati. Milango hiyo ndiyo inayolengwa na baadhi ya dawa za shinikizo la juu la damu.

Kila seli ya moyo, na ya misuli iliyo katika kuta za mishipa ya damu, imezungukwa na utando. Nje ya utando huo kalsiamu ni nyingi takriban mara 10,000 kuliko ile iliyo huru ndani ya seli. Utando una protini zilizo mfano wa milango. Hali ya umeme wa seli inapobadilika, milango hufunguka, kalsiamu huingia na msuli hukaza.

Hata hivyo, mlango huo hauna hali mbili tu, ya kufunguka na ya kufungwa. Ipo hali ya tatu: baada ya kufunguka, mlango hujizuia wenyewe ingawa umeme uliouamsha bado upo, wala haufunguki tena mpaka seli itulie.

Sababu ni mbili. Kwanza, umeme huohuo ukiendelea, umbo la protini hubadilika na njia huziba. Pili, kalsiamu iliyoingia hunaswa na kalmodulini, protini ndogo iliyo mlangoni, nayo huharakisha kuzibika. Kinachoingia ndicho kinachotoa amri ya kufunga. Mwaka 1978, watafiti Paul Brehm na Roger Eckert walionesha kuwa kalsiamu inayoingia huzuia mlango wake yenyewe, kwa kuchunguza paramesiamu, kiumbe cha seli moja kiishicho katika maji baridi.

Dawa za amlodipini na nifedipini hutumia hali hiyo ya tatu. Hushikamana zaidi na milango iliyokwisha kujizuia na kuichelewesha kurejea kazini. Kwa kuwa hali hiyo hutokea zaidi katika misuli ya mishipa kuliko katika moyo, mishipa hulegea, damu hupita kwa urahisi na shinikizo hushuka.

Hapa ndipo lilipo somo kwa mgonjwa. Dawa haiondoi milango wala haiitengenezi upya. Huizuia tu kwa muda ambao imo mwilini. Amlodipini hupungua kwa nusu katika damu baada ya saa 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo anayeiacha hahisi tofauti siku ya kwanza. Baadaye milango hurejea kazini, mishipa hukaza na shinikizo hupanda kimyakimya. Wengi hulitambua hilo baada ya kiharusi au madhara ya moyo na figo.

Kujisikia vizuri, basi, si ushahidi wa kupona. Mara nyingi ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Anayevimba vifundo vya miguu, dalili inayoweza kuletwa na dawa hizi, asiache kuzitumia kwa uamuzi wake mwenyewe. Arudi katika zahanati au kituo cha afya, apimwe na kushauriwa. Vilevile, asimpe jirani dawa yake, hata kama ugonjwa unafanana.