Je, Wajua? Heroe hula kichwa kikiwa juu chini

Heroe mdogo wa Ziwa Nakuru hula akiwa amepindua kichwa. Huinamisha shingo mpaka mdomo wake uliopinda uzame kwenye maji ya magadi, taya la juu likiwa chini. Ulimi wake mnene huvuta maji na kuyasukuma nje mara kadhaa kwa sekunde, huku vijinywele vya ndani ya mdomo vikinasa spirulina, vijimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Rangi ya waridi ya heroe hutokana na chakula hicho.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, ziwa lilifurika, magadi yakazimuliwa na spirulina ikapungua. Heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Hivyo, kumlinda heroe ni kuyatunza maziwa yote ya magadi ya Bonde la Ufa.