Kijana Asiye na Kwao Apewe Nini?

Mtoto akifiwa na wazazi jamaa humchukua. Akifika miaka 18 watu husema, "Sasa ni mtu mzima, ajitegemee." Je, mtu mzima asiye na nyumba wala shamba atajitegemea kwa nini?

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaijua shida hii. Mwaka 1983 UKIMWI uligunduliwa nchini kwetu kwa mara ya kwanza, hapa mkoani Kagera. Uliacha yatima wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi. Walikaa Benaco, wilayani Ngara. Walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi. Wengine walilelewa na familia nyingine. Wengine waliishi peke yao, mkubwa akiwalea wadogo.

Mimi ni bwana shamba. Kijiji kimoja kiliwapa vijana watatu wasio na kwao nyumba ya kukaa. Mimi nikawapa mbegu za maharage. Baada ya wiki tatu nilirudi. Shamba lilikuwa tupu. Mbegu zililiwa na vijana wawili walikuwa wameondoka. Nilimgombeza yule aliyebaki.

Bibi jirani akaniambia, "Bwana shamba, maharage huchukua miezi mitatu. Ulitaka wale nini mpaka siku hiyo?"

Niliona haya. Bibi yule alikuwa na haki.

Tangu hapo nimejifunza kazi ya mlezi wa vijana kama hawa. Kazi yenyewe ni hii:

1. Kwanza chakula cha kungojea mavuno. Kisha mbegu. Panda na mchicha, maana huvunwa baada ya wiki tatu au nne.

2. Mlezi asiwapikie wala kuwaamrisha. Wapange wenyewe zamu za kupika, kuchota maji na kufagia.

3. Mlezi awatembelee kila wiki. Aulize habari zao kabla ya kuuliza habari za shamba.

4. Kijana akikosea, asifukuzwe upesi. Hana kwingine pa kwenda.

5. Wasaidiwe kupata ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji, au kikundi cha wanakijiji, kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji. Sheria hiyo inakataza mila inayomnyima mwanamke au mtoto ardhi. Basi binti yatima naye ana haki.

Yule kijana aliyebaki sasa ana shamba lake la migomba. Mwenzake mmoja alirudi, wakalima pamoja. Wa tatu hatujamwona mpaka leo.

Ndugu msomaji, je, kijijini kwako yuko kijana anayelala leo kwa huyu, kesho kwa yule? Mtaje katika mkutano wa kijiji. Usingoje aondoke.