Tamasha la Ngome Kongwe

Wenzangu mtakaokwenda Unguja mwezi wa Februari kusikiliza Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, nawasihi mfike Ngome Kongwe mapema. Mimi safari ya kwanza nilikawia Forodhani kwa ajili ya urojo, nikaikosa taarabu. Na nauli nilikuwa nimeidunduliza mwaka mzima! Mkiona katika orodha jina la Culture Musical Club, kikundi cha tangu 1958, ketini karibu na mpiga kanuni. Nyuzi zapita sabini, naye huzidona kwa vijiti alivyofunga vidoleni kwa pete. Jagwa Music wa Dar es Salaam wakiwamo, msiwakose pia, lakini simameni mbali kidogo: mchiriku wao wa kinanda cha Casio hauna huruma na masikio.