Nyumba Nyekundu ya Porthdinllaen

Tŷ Coch huifikii kwa gari lako. Unaliacha juu, Morfa Nefyn, unashika njia ya miguu inayokatiza uwanja wa gofu, au unapita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mbele yako, chini ya jabali, vimejipanga vinyumba vichache vya mawe vya kijiji cha Porthdinllaen, na kimojawapo ni cha matofali mekundu. Hiyo ndiyo baa yenyewe, na jina lake kwa Kiwelisi ni hilohilo: Nyumba Nyekundu.

Matofali hayo yananivutia kuliko bia. Kwenye rasi hii ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Wales, watu wamejenga kwa mawe tangu zamani. Husimuliwa kuwa matofali yalitoka Uholanzi yakiwa farumi. Nahodha wa Lamu hahitaji kuelezwa: chombo kisicho na shehena hakitulii baharini bila uzito tumboni. Mwaka 1823 uzito huo ukawa kuta za nyumba ya kasisi wa kijiji cha Edern. Kasisi alipohama mwaka 1842, Catherine Ellis, mwanamke aliyekuwa akimtunzia nyumba, akaifungua kuwa baa.

Wateja hawakukosekana. Ghuba imekingwa dhidi ya pepo za magharibi, meli zilikimbilia hapa kukichafuka, na nyingine ziliundwa papo hapo ufukweni. Nefyn, mji wa jirani, uliwategemea heringi kiasi cha kuwachora kwenye nembo yake.

Lakini Porthdinllaen iliwania makubwa zaidi. Ayalandi ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1801, ilitakiwa njia ya haraka ya kupeleka barua na wasafiri Dublin. Mbunge William Madocks alikuwa na imani na bandari hii hata akaanzisha mji wa Tremadog njiani. Mpaka leo mna barabara zenye majina ya London na Dublin. Bungeni, mwaka 1810, bandari pinzani ya Holyhead ikashinda, na inasemekana ni kwa kura moja tu. Barabara ya mhandisi Thomas Telford ikaenda huko, na reli ikafuata.

Wapo wanaoisikitikia kura ile. Mimi naishukuru kwa dhati. Ingekwenda upande wa pili, gati na maghala yangeumeza mchanga huu wote. Tangu 1994 kijiji kiko mikononi mwa taasisi ya uhifadhi ya National Trust, na jioni za kiangazi wanywaji huketi kwenye ukuta mfupi mbele ya baa, miguu ikining'inia, wakiyangoja maji yajae.